Nani Mwingine Analala Hapa

...viatu, Mungu wangu, viatu vya mdogo wake, asubuhi vilikuwa pale mlangoni, vimekaa kama wenyewe ndio wenye nyumba, na sasa havipo, nani kavitoa, yeye hakuvitoa, alikuwa akifuta meza na kuupiga pasi uso wake, na mbele yake afisa wa ustawi wa jamii amefungua faili gotini, kalamu juu ya kisanduku kitupu, "Mama, ni swali la kawaida tu, tangu nilipokuja mara ya mwisho kuna mtu mzima mwingine anayelala hapa?" la kawaida, ndiyo, kwake yeye atakayefunga faili akaenda zake kula, lakini mdogo wake ana siku kumi na tisa kwenye chumba cha nyuma, katoka gerezani na mfuko mmoja wa plastiki, miaka miwili kwa kumvunja mtu taya, angemfukuza vipi, huyu aliyembeba mgongoni tangu hajaota meno, "Dada, nikipata kibarua tu nahama," na kibarua chenyewe kinamkwepa utadhani kinamdai... na sheria anaijua, aliitia sahihi mwenyewe siku ya kupewa leseni ya malezi, ya kumlea mtoto asiyemzaa, mtu mzima asihamie kabla hajatolewa taarifa, akachukuliwa alama za vidole, akahojiwa, jalada lake likasomwa, na la mdogo wake likisomwa mtoto anaondoka leo hii, mtoto aliyekula amesimama mwezi mzima wa kwanza, aliyechukua miezi minane kumwita mama, basi si uongo, ni kuchelewa tu, wiki ijayo angesema, kila wiki ni wiki ijayo, "Mama?" anasema afisa, kwa upole, na wapole ndio hao hao wasiokosa kitu, na kabla hajafungua mdomo mtoto anajibu kutoka mkekani, bila kuinua kichwa kwenye daftari, "Hakuna, tuko wawili tu, mimi na mama," sauti imenyooka, miaka tisa, na hakuna aliyemtuma, wallahi hakumtuma... na hapo ndipo anapokiona kisigino cha kiatu kimoja kikichungulia nyuma ya begi la shule, na moyo unamruka kwa furaha, aibu iliyoje, furaha kwanza, tumepona, halafu mtoto anainua macho, si kwa afisa, kwake yeye, anasubiri kuambiwa kafanya vizuri, na habari ya macho hayo imo kwenye faili lile lile, afisa alimsomea, nyumba ya kwanza aliyolelewa, mtoto anawajibu wageni wote vizuri, mwalimu, daktari, jirani, hakuna kitu, nilianguka tu, na siku ile yeye alilia akauliza ni watu gani hao wanaomfundisha mtoto kunyamaza... mdogo wake hajamgusa, hawezi kumgusa, angeapa, lakini nani kamuuliza mtoto, siku zote kumi na tisa, nani kakaa naye akamuuliza kama anamwogopa mjomba, yeye hakuuliza, aliogopa kujibiwa... kalamu bado iko pale pale, afisa hajaandika, anamtazama mtoto, anamtazama mama, na mama hasira ya fomu imemwisha, imebaki hofu ya kumpoteza, nayo haijapungua hata chembe, anamnyooshea mtoto mkono aje akae karibu, maana atakalosema sasa anataka mtoto alisikie.