Dasasa wa Mitwalli Hatoki Tanta

Mitwalli hakuwa na meno manne ya mbele. Hakuwa na simu, wala kipimajoto, wala ile pedi ya umeme ambayo wafugaji wa Kairo huitandika chini ya sanduku la nyoka ili apate joto. Hakuwa na friji la kuwekea panya wa kumlisha nyoka, maana friji lililokuwamo nyumbani lilikuwa la mkewe, na mkewe alishaapa kwamba siku atakayokuta panya karibu na jibini lake, mtu atalala ngazini. Hakuwa na cheti chochote isipokuwa kile cha darasa la jioni la watu wazima, alichokipata akiwa na miaka hamsini na mbili na kukitundika sebuleni juu kuliko picha ya harusi. Na hakuwa na desturi ya kuinamisha kichwa.

Alichokuwa nacho ni nyoka mchanga wa aina ya dasasa, yule wa mchangani asiye na sumu, urefu wake kama kalamu mbili za risasi. Na tangu asubuhi ya siku hiyo alikuwa na barua.

Barua ilitoka kwa katibu wa chama cha wafugaji wa nyoka, Kairo. Mitwalli aliisoma mara mbili kimyakimya, mara ya tatu akaisoma kwa sauti ili mkewe Inshirah asikie.

"'Nyoka uliyepewa ametapika chakula mara tatu katika wiki saba. Tunahofia kwamba mara ya nne itamuua. Tarehe thelathini Mhandisi Lutfi atafika kumchukua, ili alelewe na mtu mwenye vifaa. Tunawaheshimu nyinyi Warifai, watu wa tarika ya wakamata nyoka, lakini kulea ni elimu.' Umesikia, Mama Karima? Kulea ni elimu!"

Inshirah alikuwa akichambua dengu. "Nimesikia."

"Mama yake nimemkamata mimi, kwa mkono huu, Wadi Natrun, jua la saa saba. Nikawapelekea bure. Akawazalia watoto tisa. Wakanitupia mmoja kama mtu anayemtupia mpishi mfupa. Sasa wanautaka na mfupa!"

"Lakini kweli anatapika, Baba Karima."

"Anatapika nyumbani kwake."

"Na akifa, itakuwa faraja kwamba kafia nyumbani kwake?"

Mitwalli alikwenda kwenye sanduku la kioo lililokuwa dirishani, akachungulia. Mtoto wa dasasa alikuwa amejikunja juu ya mchanga badala ya kujifukia kama dasasa mwenye afya. Mgongo ulikuwa umeanza kuchongoka, na ngozi ya ubavuni ilikuwa na mikunjo kama soksi iliyolegea.

Shukri, muuza taamia, zile bajia za maharagwe, wa chini ya jengo, alipanda kuleta chakula cha mchana, akachungulia naye. "Ami Mitwalli, huyu mtu wako kaanza kufunga? Ramadhani si bado miezi miwili?"

"Weka taamia uende, Shukri."

"Nauliza tu. Mkahawani wanasema Mrifai mzima kashindwa kulisha mnyoo."

"Waambie Mrifai mzima anawasalimu. Na waambie siku nyoka atakapoingia chooni kwao, wamwite mhandisi."

Shukri alicheka mpaka ngazini, lakini Mitwalli hakucheka. Tarehe thelathini ilikuwa mwezi mzima mbele, na kwa mtoto wa nyoka aliyekonda namna ile, mwezi ni mrefu.

Ulaji wenyewe ulikuwa umemsumbua tangu mwanzo. Wiki za kwanza dasasa alikataa panya kabisa. Lakini Mitwalli alijua kwamba huko jangwani watoto wa dasasa huanza na mijusi, basi alimkamata mjusi kafiri ukutani mwa bafu, akamsugua juu ya kitoto cha panya kisicho na manyoya mpaka harufu ikahamia. Dasasa akakidaka mara moja. Mitwalli akaandika mbinu hiyo katika taarifa yake ya mwezi, na chama kikaichapa kwenye jarida lake, neno kwa neno, bila jina lake. Hilo alikuwa amelimeza. Hili la leo halikumezeka.

Alitoa daftari lake. Mwalimu wa darasa la jioni alikuwa akiwataka waandike kila siku mistari mitatu ya mambo waliyoyaona kwa macho yao, na Mitwalli alikuwa hajaacha kwa miaka kumi na mitano. Alivaa miwani akasoma:

"Jumapili. Kala vizuri. Nimempa ahadi, nikampeleka mkahawani. Jumatano. Katapika, panya mzima, harufu mbaya."

Mara ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Mara ya tatu alikuwa amebadilisha panya akatafuta wa duka jingine, akabadilisha na mchanga, akamwomba Inshirah afukize ubani kwa ajili ya kijicho. Kala. Ahadi. Mkahawani. Siku ya tatu, katapika.

"Baridi," alisema. "Ni baridi hii."

"Baridi ipo," alisema Inshirah bila kuinua macho kwenye dengu. "Lakini mimi namkumbuka Karima. Kila nikimaliza kumnyonyesha, mama yako, Mungu amrehemu, anamnyakua, anamrusha juu, anawaonyesha majirani. Na kila siku Karima anamtapikia begani. Mama yako akasema maziwa yangu mabaya! Nilipomficha chumbani saa nzima baada ya kunyonya, kutapika kukaisha."

"Sasa mama yangu anaingiaje hapa?"

"Sijui. Wewe ndiye mwenye daftari."

Mitwalli alifunga daftari kwa kishindo. Alikuwa ameshaelewa, na ndiyo maana alikasirika. Katika ukoo wake, kila nyoka anapokula huinuliwa papo hapo, akalazwa kifuani ndani ya kanzu na kusomewa ahadi: wewe hutaniuma, nami sitakudhulumu. Ndivyo alivyofanya baba yake, na babu yake aliyewatoa nyoka katika nusu ya nyumba za mji wa Tanta. Na nyoka akishapewa ahadi hutembezwa watu wamwone. Mitwalli hakuwahi kusikia kwamba nyoka yeyote wa babu yake alitapika.

Lakini babu hakuwahi kufuga mtoto. Nyoka wa babu walikuwa swila na wakubwa wengine waliokamilika, wakakaa naye wiki mbili tatu kisha wakarudishwa jangwani. Huyu tumbo lake lilikuwa jembamba kuliko kidole, na kila alipolishibisha, mtu aliyeahidi kutomdhulumu alimkunja kifuani na kumtikisa mpaka mkahawani na kurudi. Mitwalli akafungua daftari akaandika kwa herufi kubwa: "Kosa ni langu."

Akapiga mstari chini yake, akaanza kazi.

Siku kumi na mbili hakumpa dasasa chochote ila maji, ili tumbo lipone. Alijaza chupa ya maji ya moto, akaivika soksi ya sufi, akaiegemeza nje ya kioo upande mmoja tu, nyoka achague mwenyewe joto au ubaridi. Aliibadilisha kila ilipopoa. Kwa kuwa hakuwa na kipimajoto, alitumia mgongo wa kiganja, kama Inshirah alivyokuwa akipima maji ya kumwogeshea Karima. Siku ya nne dasasa alijifukia mchangani karibu na chupa. Siku ya kumi na tatu Mitwalli akamletea kitoto cha panya kilichozaliwa siku hiyo, kidogo kuliko vyote, na akakisugua kwa mjusi. Dasasa alichomoka mchangani, akakikaba, akakimeza.

Siku hiyo kaka yake mkubwa, Bayumi, alikuwa amekuja kunywa chai.

"Haya, mtoe umpe ahadi," alisema Bayumi.

"Leo hatolewi."

"Hatolewi? Umeanza kuogopa nyoka, Mitwalli? Au yale madarasa yako ndiyo yamekufundisha kuona aibu kwa baba yako?"

"Kaka, baba namheshimu kuliko unavyojua. Lakini mkono wangu hauingii humu mpaka chakula kishuke."

"Basi huyo si nyoka wa Kirifai."

"Ngoja usikie."

Mitwalli akainama, akaweka mdomo karibu na kioo, akasoma ahadi yote kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya baba yake, mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Bayumi alimtazama, akatazama mikono ile, akamaliza chai yake, akaondoka bila kuaga.

Siku ya tatu ikafika. Mitwalli hakula chakula cha asubuhi. Kila robo saa alisogelea kioo akanusa kama paka. Hakuna kitu. Siku ya nne, hakuna. Ya tano, ya sita. Siku ya saba alikuwa akinyolewa ndevu kwa kinyozi mtaa wa pili aliposikia Inshirah akipiga kelele kutoka barazani, mtaa mzima ukasikia naye:

"Baba Karima! Kimetoka! Na kimetoka panapostahili!"

Alikimbia na povu shavuni. Kweli, mchangani kulikuwa na kinyesi cheusi chenye ncha nyeupe, na Mitwalli alikiangalia kama mtu anayeangalia matokeo ya mtihani. Shukri alipanda na karai la taamia mkononi kuhakikisha. "Ami," alisema, "sijawahi kumwona mtu akifurahia choo namna hii."

"Nenda kawaambie mkahawani."

Siku mbili baadaye alimlisha tena, na siku tano zikapita bila tone kurudi. Mgongo ulikuwa umeanza kufunikwa. Ilikuwa tarehe ishirini na saba. Mitwalli akakaa mezani, akaandika.

"Kwa Bwana Katibu. Mtoto wa dasasa alitapika kwa kosa langu. Nilimshika na kumtembeza baada ya kula, kwa desturi ya ukoo wangu, na chumba kilikuwa baridi. Waambieni wote waliopewa ndugu zake wasiwaguse kwa siku kadhaa baada ya mlo. Akitapika, apumzishwe siku kumi na zaidi, apewe maji na joto la upande mmoja, kisha aanze na mlo mdogo. Amekula mara mbili na ametoa choo. Haya nimeyajua kwa macho na daftari. Mkiyachapa, mchape na jina langu, na mchape na lile la mjusi, pia kwa jina langu.

Mmeandika kwamba kulea ni elimu. Ni kweli, na mimi nimesoma. Mhandisi Lutfi akija atakaribishwa kwa chai na atamwona nyoka kupitia kioo. Hataondoka naye. Mitwalli Abdulmugni, Mrifai, Tanta."

"Hiyo ya mwisho si kali mno?" aliuliza Inshirah, akisoma juu ya bega lake.

"Ingekuwa kali ningeandika kwamba na chai hapewi."

Akakunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi na kuibana kwa ngumi yake. Posta alisimama foleni kama watu wengine, akataka itumwe kwa rejesta. Karani aligonga muhuri, akaitupa bahasha kwenye gunia la Kairo, na Mitwalli hakuondoka dirishani mpaka gunia lilipofungwa kamba.