Vidonge vya Bure

Kabla wauza samaki hawajaanza kugonga mlango kununua barafu, Huguette alikuwa amekwisha kufunga barafu kwenye kitambaa na kuilaza juu ya goti la mumewe.

"Leo barafu haiko ya kuuzisha," aliwaambia walipofika. "Iko dawa."

Mumewe, Ntambwe, dereva wa lori la madini, alikuwa ameteleza akishuka kwenye lori kazini, kano ya goti ikakatika. Alipasuliwa mwezi uliopita.

"Kunja, tata."

"Haikunjike. Inauma. Nipatie kidonge kimoja tu."

"Kimoja ulishakunywa. Kunja!"

Goti halikusogea.

Daktari alikuwa amesema wazi: barafu, mguu juu, kaza paja, kunja kidogo kila siku, tramadol, dawa ya maumivu, ni ya siku za mwanzo tu. Lakini mama mkwe Mwadi alifika kutoka Dilolo, akalikanda goti kwa maji ya moto na chumvi kama anavyokanda wanawake waliojifungua, likavimba kama papai. Huguette akanyamaza, mkwe hakosolewi mbele ya wageni. Wenzake Ntambwe wa kazini nao walikuja kumpa pole, na badala ya sukari walileta tramadol, vidonge wanavyomeza wao wenyewe ili wamalize zamu. Huguette akawashukuru. Mgonjwa akilala, yeye aliuza barafu yake kwa amani. Sasa hilo ndilo lililomchoma.

Mchana alimpeleka kwenye zahanati ya kampuni. Ngazi alimpandisha kwa kumbeba nusunusu, gongo la kutembelea kwapani, mguu umenyooka kama mti wa ufagio.

"Tata Tshilombo," alimwambia muuguzi, "tunaomba karatasi ya kiné. Ule mutu wa kunyoosha muguu."

"Kiné? Kampani hailipe kiné, mama. Inalipa dawa." Akasukuma boksi la tramadol juu ya meza. "Mutwale. Ni ya bule."

"Ile dawa ndiyo inamumaliza! Mi naomba arudie kutembea."

"Uongee na bakubwa. Mi natoa bile biko mu kabati."

"Na bakubwa, magoti yabo banatunzaka na hii?"

Tshilombo akacheka. "Bakubwa banaendaka Afrika ya Kusini, mama."

Huguette aliliacha boksi pale pale mezani. Akamshika mumewe, wakashuka ngazi moja moja, Ntambwe akiuma meno.

"Nishikilie gongo kidogo," Ntambwe alisema walipofika chini.

Huguette akalishika huku akisimamisha pikipiki ya abiria. "Tata, uende mupole. Huyu muguu yake haikunjike."

Mwenye pikipiki akatazama nyuma yake. "Nani, mama? Ule?"

Huguette aligeuka. Ntambwe alikuwa anapanda tena ngazi za zahanati peke yake, mkono mmoja ukutani, akilirudia lile boksi. Mguu mzima, kisha mguu mbovu. Na goti lilikuwa linakunjika, ngazi baada ya ngazi, vizuri kabisa, kama daktari alivyowaomba.

Huguette akabaki amesimama na gongo mkononi.