Unene wa Jama

"Wallahi haya ni kweli tupu, na nikiongeza hata chembe, ulimi wangu ukauke," alisema Hirsi, akimkalisha mwanawe kwenye sahani ya mizani ya kupimia ngozi mbele ya duka. "Hirizi ya huyu imekatika kamba mara tatu mwezi huu. Shingo inanenepa huku unaitazama."

Watu wakacheka. Garissa nzima ilimjua Hirsi. Mifugo yake ilipokwisha kwa ugonjwa, alihamia ukingo wa Tana kulima mahindi, akabaki na ng'ombe mmoja wa maziwa na mdomo.

Jama, wa miaka miwili, alikaa alivyowekwa. Mashavu yamejaa, yanang'aa. Nywele nyekundu kama ndevu za mzee aliyepaka hina.

"Halii huyu. Hakimbiikimbii kama watoto wenu wenye njaa. Aliyeshiba hutulia."

"Tulia na wewe basi, tupime," alisema Salat, jirani yake wa shamba. Begani alimbeba bintiye Sahara, rika la Jama, miguu kama ya korongo, akimpiga babake mateke ya kifua. Wawili hao walikuwa wamewekeana sharti: aliyemlisha mwanawe vibaya atampa mwenzake maziwa ya jioni mpaka mvua inyeshe.

Wakapima. Jama akamshinda Sahara kwa mbali.

"Unamlisha nini?" Salat aliuliza. "Maziwa yako si unayauza boma la serikali kila siku?"

"Yanakwenda, na sukari inarudi. Ziwa aliachishwa mamake, Batula, aliposhika mimba nyingine. Sasa ni uji wa mahindi na chai ya rangi, sukari tele. Chakula cha wakubwa hicho. Niletee maziwa yangu, ndugu."

Kulow, dresa wa kufunga vidonda zahanati, alikuwa amekuja kununua tumbaku. Alichuchumaa, akaubonyeza mguu wa Jama kwa kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo, akakiondoa.

Shimo likabaki.

Vicheko vikafa kimoja kimoja. Hirsi aliinama akilitazama shimo lile, akingoja lijae.

"Hii si nyama," alisema Kulow. "Ni maji. Mtoto ana njaa."

"Njaa? Anapewa uji mara tatu kwa siku."

"Uji unajaza tumbo tu. Maziwa ameonja lini?"

Hirsi alimshusha mwanawe mizanini.

Salat hakucheka. "Umeshindwa, Hirsi. Maziwa yangu nayataka leo jioni, na yanywewe nikiona."

Jioni ile mpishi wa boma alingoja maziwa bure. Hirsi alikamua, akavuka shamba na kibuyu, Batula nyuma yake na mtoto mgongoni. Salat hakukipokea. Alimnyooshea Jama kidole.

Hirsi akapiga magoti na kikombe. "Kunywa, aabo, kunywa baba."

Jama akageuza uso. Kikombe kikamfuata upande wa pili. Midomo ilikuwa imebana. Maziwa yakapita kidevuni, yakateremka juu ya tumbo lililojaa, yakaingia mchangani.

"Hataki," alisema Batula polepole. "Siku nne hizi hataki kitu. Nilikwambia, ukasema ameshiba."

Salat alikaa chini, akakunja miguu. "Mimi sina haraka," alisema, na sauti yake haikuwa ya kudai.

Hirsi akajaza kikombe tena.