Kiwanda Chepesi

"Mimi nikisema jambo, Shangazi, hata kiti kinaelewa," alijigamba Mtaalamu, akivuta shati likae sawa. Jina hilo alipewa karakanani, na hakuwahi kugundua kwamba ni la utani.

Shangazi yake, mwenye kiwanda cha viti, hakucheka. Nyuma yake ulining'inia mpango mkakati wa miaka mitano, umetiwa fremu ya kioo kama picha ya harusi, na tangu utundikwe hakuna aliyeutazama mara ya pili.

"Wateja wanatukimbia, sisi tumekaa tunalinda fremu," alisema. "Haya, jaribu huo mfumo wa kuendesha kazi uliouchagua. Ukitufikisha mahali, hii naishusha. Usipotufikisha, unarudi kuuza dukani, na usininunie."

Mtaalamu alikuwa amechambua mifumo mingi, akapenda ule unaokubali kubadilika: mpango mfupi, jaribio dogo, kisha kikao ambapo kila mtu anasema alichokiona, na mpango unarekebishwa. Vitabuni uliitwa mfumo mwepesi. Aliteremka karakanani, akapanda juu ya benchi la seremala, akahutubia huku vumbi la mbao likimkalia kwenye nyusi.

"Ndugu zangu, tumekuwa wazito mno. Kuanzia leo, kiwanda hiki ni chepesi. Uzito wote usio na kazi uondoke."

"Wote?" aliuliza Fundi Mkuu, mama ambaye penseli yake ilikuwa imehamia sikioni moja kwa moja.

"Wote, mama. Bila huruma."

Mafundi wakatazamana, kisha wakashika randa.

Alipokuja kuitisha kikao cha kwanza, Mtaalamu alikuta viti vimekonda kama vimetoka kuugua. Miguu myembamba, migongo imetobolewa, upepo unapita.

"Nani kavikondesha viti vyangu?" Sauti ilimpasuka. "Nilisema mpango, mama, si viti!"

"Ulisema kiwanda, baba. Na hapa tunatengeneza viti, si mawingu."

Aliketi kwenye kimojawapo, roho juu, akiuona mlango wa duka ukimngoja. Kiti hakikulia hata kidogo. Kilimpokea vizuri.

Basi akavipeleka dukani, maana hakuwa na vingine. Mteja mmoja, mwenye ukumbi wa mikutano, alikinyanyua kimoja kwa mkono mmoja, akakizungusha, akacheka peke yake. "Hivi nitavipanga na kuvipangua mwenyewe, bila kumbembeleza mtu," alisema, akaagiza vya kujaza ukumbi. Mtaalamu, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshaanza hotuba, alijikuta akimuuliza, "Na nini kingine kinakusumbua?" Akasikiliza mpaka mwisho. Utamu wa kunyamaza ulimshangaza.

Oda zilipoanza kufuatana, Shangazi aliteremka karakanani na fremu kwapani. Aliiegemeza ukutani, kioo kikitazama tofali.

"Wazo hili la viti vyepesi," aliuliza, "lilitoka wapi?"

Mtaalamu akavuta shati. "Nililiona tangu mwanzo, Shangazi. Ndiyo maana nikawaeleza waziwazi."

Fundi Mkuu alitoa penseli sikioni, akaipuliza vumbi.

"Kweli kabisa," alisema. "Hata alipopiga kelele, 'Nani kavikondesha viti vyangu?', sote tulijua ni furaha."

Mafundi wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Shangazi alivuta kiti chepesi kwa kidole kimoja, akakiweka katikati ya karakana, mbele ya mtoto wa kaka yake.

"Kikao cha kila mtu kusema alichokiona," alisema taratibu. "Leo tuanze na wewe, mwanangu. Keti."