Kipimo Kisichohitaji Sauti

Asubuhi ile mlezi Selestina alikuwa amempakata mtoto katika ofisi ya kituo cha watoto, pembeni mwa mji wa Masasi, akimbandua uji uliomkaukia shavuni. Mtoto aliitwa Yasinta, wa Kitangari. Bibi yake, Sabina, alikuwa ameshuka bondeni kuchota maji, mlango kaufunga kwa kamba. Watu wa kituo wakapita, wakasema mtoto katelekezwa, wakamchukua. Vitanda vya kituo vilikuwa vipya, na wafadhili walikuwa njiani kuja kuviona vikiwa na watoto.

Sasa mwenyekiti wa kituo, Bwana Ladislaus, alikuwa anachagua kipimo cha kuwapimia watoto wanaoingia. Mezani palikuwa na vipimo viwili: maswali ya kujibu kwa mdomo, na vibao vya rangi vya kupanga. Yasinta ndiye wa kujaribia.

Mwalimu Getrude akaanza na maswali. "Yasinta, nyumbani nani anakutunza?"

Mtoto akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya bibi yake, ikihema kama ya mtu aliyepanda mlima na ndoo kichwani.

"Mimi hapa. Kwani mlidhani anatunzwa na mbuzi?"

Getrude akaandika. "Huwa unakula nini?"

"Anakula tunachokula. Jana ming'oko ya kuchimba porini, leo ming'oko. Na wewe Ladislaus, nimekubeba mgongoni mama yako akipalilia mihogo. Leo kitambi kinatangulia mlangoni, hata shikamoo huna?"

"Shikamoo, bibi," Ladislaus akamwamkia mtoto.

"Marahaba. Nirudishie mjukuu wangu."

Selestina alikuwa mjane wa sala, si mtu wa maneno mengi. Akamwambia mwenyekiti, "Basi, Baba Cecilia, anayemtunza kajibu mwenyewe."

"Mama Oscar, bibi hayumo katika wanaopimwa," Ladislaus akamjibu.

Akavuta vibao. Kipimo hiki, alisema, hakimchoshi mtoto, maana hakimtaki aseme kitu. Yasinta akapanga vyekundu kwa vyekundu, vya buluu kwa vya buluu. Wakakubaliana kutumia vibao, na Yasinta akapewa kitanda.

Tangu hapo, kila magharibi sauti ya bibi ilisikika bwenini. Iliwaambia watoto waoshe miguu, iliwagombeza waliokojoa kitandani. Walezi waliizoea, na mmoja alikuwa akikaa karibu na Yasinta kuomba ushauri juu ya mumewe. Kabla ya kunyamaza, sauti ilisema neno lile lile: nirudishieni mjukuu wangu. Selestina aliomba ruhusa ampeleke Kitangari walau siku moja. Ladislaus akamjibu kwamba mtoto kapimwa, kaonekana ni wa pale.

Mikorosho ilipotoa maua, sauti ikaanza kukohoa. Yasinta mwenyewe hakuwa na homa wala mafua. Selestina alichemsha tangawizi, akamnywesha mtoto kwa ajili ya bibi, akapiga magoti na kumwombea mgonjwa aliye mbali. Kikohozi hakikupungua.

Jumapili moja, wakati wa chakula, Yasinta akafungua mdomo aombe chumvi, hakikutoka kitu. Selestina akampa chumvi, kisha akaenda kuvua kitenge cha maua na kuvaa cheusi. Habari ya msiba ilifika kesho yake. Ladislaus akaenda kuzika kwa niaba ya kituo.

Baadaye Yasinta akapimwa tena. Alipanga vibao upesi kuliko watoto wote.

"Siku hizi katulia kweli," Getrude akasema.

Ladislaus akakubali, akaagiza vibao vingine.