Kiini cha Mashine ya Lodwar

Mwaka 1998, Didace, mkimbizi wa Burundi aliyewahi kufundisha kompyuta Bujumbura, aliitwa kutoka kambi ya Kakuma kwenda Lodwar. Shirika moja la misaada lilitaka aikague kompyuta yenye orodha ya chakula ya kambi nzima.

Aliikagua siku mbili, kisha akamwambia Ebei, mkuu wa ofisi, "Kiini cha mfumo huu hakitenganishi programu. Zote zinakaa chumba kimoja bila ukuta. Moja ikianguka, inaangukia zingine. Mtu mmoja akiandika barua, sawa. Orodha ya watu elfu arobaini, hapana. Kuna Linux, mfumo mwingine, ni ya bure, kiini chake kinaipa kila programu chumba chake."

"Ya bure, kama chakula chenu," Ebei akasema, na makarani wakacheka. "Mwalimu, rudi Kakuma upange foleni."

"Basi nakili orodha kila jioni, bwana."

Ebei alikuwa ameshageukia simu.

Mwezi wa nane, karani Akol alikuwa akichapisha barua, mashine ikaganda. Ilipowashwa tena, orodha haikusomeka. Nakala iliyokuwepo ilikuwa ya Machi. Familia mia tatu zilizofika baadaye, ya Didace ikiwemo, hazikuwa na jina popote wala mgao wa chakula. Ebei akaandika kwenye ripoti kwamba mkimbizi mmoja alikuwa ameichezea mashine.

Kambini habari hiyo ilifika kabla ya chakula. Majirani waliokuwa wakimgawia mkewe Immaculée kibaba cha unga wakaacha. Binti yao Sonia, wa mwaka mmoja na nusu, akaanza kuharisha. Siku ya kumi na saba akafariki.

Walikuwa wametoka tu kumzika gari la shirika lilipokuja kumchukua Didace. Hakuna mwingine aliyeweza kuijenga orodha upya.

"Usiende," Immaculée akasema.

"Kuna watoto wa wenzetu."

Huko Lodwar, Ebei alimwekea mezani rundo la fomu zilizojazwa upya kambini mwezi huo. Akaichomoa ya Didace, akaisoma, akachukua kalamu.

"Wewe uko na watu watatu hapa. Sasa ni wawili, sivyo?" Akakata jina la mwisho. "Anza na hii. Ni fupi."

Didace akaivuta kibodi karibu, akaandika jina lake, kisha la Immaculée. Fomu iliyofuata ilikuwa na watoto saba.