Pedi Zinazopenda Moto

Zahoro alikaa juu ya tairi kuukuu katika gereji ya Mwero pale Ukunda, kope zimemlemea kama zilizopakwa gundi. Tangu Jumatatu alikuwa akibeba vitu na watu wa harusi: mchele, viti, mashangazi wa Vanga na mabegi yao. Katikati ya safari hizo bado aliwapeleka wageni wa hoteli za Diani kwenye uwanja wa ndege, kwa kuwa harusi haisimamishi kazi. Sasa ilikuwa Ijumaa asubuhi, na mbele yake, juu ya gunia, palikuwa na pedi za breki za aina mbili. Alitakiwa achague.

Gari lilikuwa moja tu, Subaru la buluu lililomshinda umri bibi harusi mwenyewe. Jumamosi lingempeleka Twaiba kutoka kwao Msambweni hadi kwa mumewe, upande wa pili wa mji. Twaiba alikuwa mtoto wa dada yake marehemu, na Zahoro na mama yake, Bi Mwanafatuma, ndio waliomlea. Jumapili gari hilohilo lingeshindana kwenye uwanja wa vumbi huko Ramisi, nyuma ya mashamba ya miwa, ambako madereva wa pwani hukutana kufukuzana kwa mizunguko mpaka jua lichoke.

Mara ya mwisho breki zilimwaibisha. Zilipata moto kupita kiasi, na kwenye kona ya mwisho alipokanyaga akahisi kama amekanyaga mto wa sufi. Gari likaingia katikati ya miwa. Watu walikuja kulitoa, wakachomoa miwa iliyonasa mbele ya gari, wakaitafuna palepale huku wakicheka. Tangu siku ile rafiki yake Lewis alimwita Mkata-miwa.

Lewis alikuwa mtu wa bara, karani wa hoteli, na siku za mashindano ndiye aliyekaa kando ya Zahoro akimtajia kona. Yeye ndiye aliyezitafuta zile pedi mpya hadi akazipata Mombasa, akazileta kwa furaha kama mtu aliyeleta mahari.

"Hizi hazichoki, mzee," alisema. "Zikishika moto ndio zinaamka."

Mwero aliokota moja, akaipuliza vumbi, akaigeuza taratibu. Alikuwa fundi asiyependa haraka, na maneno yake yalikuja kama maji ya kisima kirefu. Alisema kweli, hazichoki. Lakini zile za barabarani, ambazo Zahoro alikuwa nazo, hushika tangu mguso wa kwanza, asubuhi ya baridi au siku ya mvua, ila moto mrefu huzishinda. Hizi za mashindano ni kinyume chake. Zikiwa baridi zimelala, na mwenye kukanyaga kwa mazoea atakuta gari laendelea kidogo kabla ya kutii. Tena kwa mwendo mdogo hupiga kelele, na diski huzila. Aina ya tatu ipo, ya kati, imetengenezwa kwa mtu aendaye kazini na kucheza siku ya mapumziko. Haivumi huku wala kule, lakini haimtupi mtu. Tatizo ni kwamba ingebidi iagizwe, na isingefika kabla ya wiki ijayo.

Lewis alicheka, akasema hiyo ya kati ni kama chai ya vuguvugu.

"Mwenye gari moja na maisha mawili," Mwero akamjibu, "hiyo chai ataizoea."

Zahoro aliwasikiliza wote wawili na kichwa chake hakikutaka kubeba neno jingine. Alijua kwamba pedi mpya hufundishwa kwanza. Mtu huzikanyaga kwa nguvu mara nyingi kwenye barabara iliyo wazi, kisha huziacha zipoe, ndipo zinapozoeana na diski. Kazi hiyo haifanyiki alfajiri ya mashindano. Na Jumamosi jioni, baada ya harusi, asingekuwa na nguvu hata ya kunyanyua jeki. Basi akasema zifungwe leo. Harusi ni mwendo wa kobe, akasema, gari linafuata matarumbeta hatua kwa hatua. Nani ataka breki kali kwa mwendo wa watembea kwa miguu?

Mwero alimtazama uso, akaona ule uchovu, akachukua spana. Mtu aliyechoka habishaniwi. Alizifunga pedi mpya magurudumu ya mbele, akazijaribu, akaosha mikono. Zile kuukuu zilikuwa bado nene. Alizifuta moja moja, akazifunga katika kipande cha leso, akazitia ndani ya buti la gari, karibu na jeki. Hakuna aliyemwomba, wala yeye hakulitaja.

Alasiri ile Zahoro alizifundisha pedi zake kwenye barabara ya Lunga Lunga. Alikimbia, akakanyaga, akakimbia, akakanyaga, mpaka harufu kali ikaingia ndani ya gari na usukani ukawa mwepesi mkononi. Mwishowe zilishika kama gando la kaa. Alicheka peke yake, kicheko chake cha kwanza wiki ile, kisha akarudi nyumbani akalala na viatu.

Asubuhi ya harusi walimtuma kuchukua maua ya asumini kwa mama mmoja pale karibu, na baadaye nyuzi zilizosahauliwa. Mara ya kwanza aliliacha gari barabarani. Aliporudi mara ya pili akaingia nalo uani, na mama yake alikuwa amekaa mkekani mbele ya mlango, sinia la asumini mapajani, akitunga kikuba, pambo la maua la mjukuu wake. Ua wa nyumba yao una mteremko mdogo. Kwa miaka yote Zahoro aliingia pale akikanyaga breki kidogo tu, na gari likasimama kando ya mkeka, mahali palepale.

Alikanyaga kama kawaida. Breki zikalia, na gari likaendelea kushuka.

Akakanyaga tena kwa uzito wa mwili wote. Gari lilisimama tairi limepanda ukingo wa mkeka. Bi Mwanafatuma alikuwa amevuta miguu yake, na sinia lilikuwa limepinduka. Maua yalitapakaa mchangani.

Wanawake walitoka jikoni kuuliza kelele ile ni ya nini. Bi Mwanafatuma aliwaambia kwamba ni yeye, ametandika mkeka njiani kama mtu asiye na akili, warudi kwenye vyungu vyao. Walipokwisha kuingia alianza kuokota asumini, akilipuliza kila ua kabla ya kulirudisha siniani.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Kaa kwanza unywe chai."

Zahoro alichuchumaa akamsaidia kuokota. Laiti angemgombeza, ingekuwa nafuu. Chai ililetwa ikapoa mbele yake, kwa sababu alikuwa akiwaza jambo alilolijua tangu utotoni na jana hakulikumbuka. Katika nyumba yao, siku ya kumtoa bibi harusi, nyanya yake hutembea mbele ya gari kinyumenyume. Uso wake humwelekea mjukuu, mkononi ana upepeo, anampungia njia nzima hadi mlango wa mume. Siku hiyo nyanya hampi mjukuu mgongo. Nyuma hana macho, na mbele yake, karibu na magoti, kuna gari. Jana Zahoro alipima mwendo tu. Nafasi iliyopo kati ya gari na mama yake hakuipima.

"Mama, si uchovu," alisema. "Nimetia breki za mashindano. Mpaka zipate moto ndipo zinaposhika."

Bi Mwanafatuma alitia ua kwenye uzi. "Na kwa mwendo wa leo, zitapata moto?"

"Hazitapata."

Alitunga ua la pili, na la tatu. "Mimi nitatembea vilevile," alisema. "Sijapata kuliogopa gari lako. Basi wewe ndiye ujuaye."

Neno hilo lilimwelemea kuliko viti vyote alivyobeba wiki ile. Aliinuka, akaenda pembeni, akampigia simu Lewis, akamweleza kwamba anazitoa zile pedi, na kwamba kesho hawataweza kushinda mtu yeyote. Zahoro alingoja matusi ya mzaha, yale ya Mkata-miwa. Badala yake Lewis aliuliza matarumbeta yaanza saa ngapi, akakata simu.

Pedi za zamani hakujua ziko wapi. Alidhani zimebaki gereji, na Ukunda si karibu kwa mtu aliyekwisha kuitwa avae. Alifungua buti kutafuta jeki, akaona kifurushi cha leso. Alikifungua, akasimama nacho mkononi muda, kama mtu aliyepewa salamu kutoka mbali.

Alifunga kikoi, akaanza kulegeza nati. Hakufika mbali, kwa kuwa Mwero alitokea langoni, mgeni wa harusi katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Alimwona Zahoro chini, akaelewa, wala hakusema nilikwambia. Alikunja mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko, akaomba gunia la kupigia magoti. Walifanya kazi pamoja. Walipomaliza, Zahoro alilipeleka gari barabara kuu na kurudi, akikanyaga taratibu. Mwanzoni breki zilikuwa kaidi kidogo, baadaye zikawa zilezile azijuazo. Pale uani gari likasimama kando ya mkeka.

Walitoka baada ya swala ya alasiri. Matarumbeta mbele, wanawake wakifuata kwa vigelegele, kisha Bi Mwanafatuma kinyumenyume, upepeo mkononi. Twaiba alikaa nyuma ya Zahoro, amefunikwa, ananukia udi. Lewis alikuja saa ileile aliyoiuliza. Hakuimba, nyimbo hakuzijua. Alitembea karibu na Bi Mwanafatuma, akiondoa njiani watu na mawe ambayo mama huyo hakuweza kuyaona.

Karibu na nyumba ya mume, njia inateremka. Hapo wanawake walizidi kucheza na msafara ukasongamana. Bi Mwanafatuma alirudi hatua, akakanyaga pindo la leso yake mwenyewe, akaketi chini ghafla, mbele ya gari.

Zahoro aligusa breki kwa vidole vya mguu. Gari lilisimama.

Baina ya mama yake na gari palikuwa na nafasi ya mtoto kupita. Matarumbeta yaliendelea, na wengi hawakuona kitu. Lewis aliinama, akasema shikamoo mama, akamwinua kwa mikono miwili, akamvisha kiatu kilichomvuka. Bi Mwanafatuma alijifunga leso upya bila haraka, akapiga boneti ya gari makofi mawili mepesi kama ampigavyo mtoto mgongoni.

"Lina adabu leo," alisema, akainua upepeo wake.

Lewis alisogea dirishani, jasho likimtiririka. "Kesho, Mkata-miwa, tutakwenda mwendo wa harusi," alisema. "Mwambie Mwero aagize zile za vuguvugu." Kisha akarudi mahali pake, kando ya mama.

Twaiba aliinama mbele kutoka ndani ya mtandio wake. "Mjomba, mbona hatuendi?"

Zahoro alimwambia ni uchovu, na hilo pia lilikuwa kweli. Aliachia breki polepole. Mbele ya kioo mama yake alirudi nyuma hatua moja, akafuatisha nyingine, uso wake umewaelekea, hakugeuka kutazama njia.